Mbinja Iliyojibiwa

Mie si mtu wa mizimu. Nalitanguliza hilo kwa sababu nnawajua watu wa mji huu: unaanza kusema jambo, hujalimaliza, washakutafutia mganga. Mie ni fundi wa redio, mwanamke mtu mzima, nna akili zangu timamu na ulimi wangu mkali, na haya nnayokwambia yamenifika mwenyewe, ndani ya nyumba yetu hapa Mji Mkongwe, hayakusimuliwa na mtu. Wallahi sikutia chumvi hata chembe. Ukiamini sawa, usipoamini shauri yako, lakini nisikilize mpaka mwisho, maana mwishoni nna ombi nataka kukuomba.

Marehemu baba yangu alikuwa mpiga redio wa meli. Zama zile meli ilikuwa haiendi popote bila ya mtu wa kukaa kwenye kijichumba, masikio kayaziba kwa spika, anapokea na kupeleka habari. Alipostaafu alirudi nyumbani na maradhi hayo hayo ya mawimbi. Mtoto wa kiume hakujaaliwa, alinipata mie tu, basi mie ndiye aliyenishikisha chuma cha kulehemu. Wenzangu wakifunzwa kusuka ukili na kushona kofia, mie nafunzwa kuzungusha koili. Mama akisema, "Ataolewa na nani huyu, na vidole vimeungua hivo?" Nkaolewa, nkaachika, vidole vikabaki vile vile.

Kwa asiyejua, watu kama sisi tupo dunia nzima. Tunazungumza hewani kwa mitambo yetu wenyewe, si kwa biashara, ni mapenzi tu. Leseni nnayo, usije ukanichongea. Siku hizi mtambo unaununua dukani, mdogo kama kasha la halua, kila kitu unajifanyia wenyewe. Baba hakuutaka huo. Yeye alitaka mtambo wa valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, ukiziwasha zinashika wekundu polepole na chumba kinanuka vumbi lililoungua. Bati la kujengea alilikata mwenyewe. Transfoma aliipata kwa fundi mmoja Kikwajuni, na ile valvu kubwa, ya kutolea sauti, aliichomoa kwenye amplifaya ya kilabu kimoja cha taarabu kilichokufa zamani. Aliihangaikia valvu ile kama mtu anayehangaikia mahari. Halafu akafa yeye kabla hajauwasha mtambo.

Mama akakaa eda, akatoka. Mtambo ukabaki mezani umefunikwa kanga, na sote wawili tukawa tunapita pembeni yake kimya kimya. Ilipita miezi mingi. Siku moja mama mwenyewe akaivuta ile kanga akasema, "Mmalizie mzee kazi yake. Inanitia simanzi hivi ilivyo." Basi nkaanza.

Sasa ngoja nkueleze jambo moja la kazi, maana ndilo lililotuponza. Mtambo wa valvu huuwashi ukasema papo hapo. Lazima uutyuni kwanza. Unazungusha kifundo hiki, unazungusha na kile, huku jicho liko kwenye mshale wa mita, mpaka nguvu yote iende kwenye waya wa antena, isibaki ndani ikaichoma valvu. Na wakati unazungusha lazima iwepo sauti inaingia kwenye maiki. Ukisema "alo, alo" mshale unarukaruka, huambulii kitu. Ndiyo maana mafundi wa zamani wanapiga mbinja. Sauti ya mbinja imenyooka, mshale unapanda, unatulia, nawe unaiona kazi yako.

Na mbinja kwetu unajua ilivyo. Mtoto wa kike hapigi mbinja hata mchana. Na saa ya magharibi, jua linapotua, hapigi mtu yeyote, awe mwanamume awe mwanamke, kwa sababu saa ile si yetu peke yetu. Watoto tunawaita ndani, madirisha tunayarudisha, na aliyekuwa akicheka sana anaambiwa apunguze. Baba akinipa ruhusa ya mbinja ya kazi tu, tena baada ya alasiri, na ikikaribia adhana anazima kila kitu. "Ikishaingia magharibi," alikuwa akiniambia, "fundi mzuri ana mkono wa kuzimia." Nkimsikia, lakini kusikia na kushika ni mambo mawili.

Mbinja yenyewe nliyoijua ni moja, mbinja yake. Inapanda, inapanda tena, halafu inashuka taratibu. Sisi tunakaa ghorofa ya juu, na mlango wa chini unafungwa kwa ufunguo. Baba akifika kichochoroni alikuwa akipiga mbinja ile, halafu anamwita mama kwa jina lake, Zuhura. Mama anaitika dirishani, "Labeka, bwana!" na anamteremshia ufunguo ndani ya kijikapu kwa kamba. Baba akishapanda ngazi, kabla hajavua viatu, anatoa salamu, "Asalaam aleikum." Miaka yote ya ndoa yao ilikuwa hivyo. Hata akirudi na homa inamtetemesha, salamu alitoa.

Siku nliyomaliza kulehemu nlimpigia simu rafiki yangu Seif, mwalimu wa skuli Chake Chake, Pemba, mpiga redio mwenzangu. Nkamwambia akae kwenye masafa yetu anisikilize. Tukaanza vizuri, jua bado liko juu. Lakini mshale ukawa unanikatalia. Unafika mahali, unagoma. Nkabadilisha koili, nkapunguza waya, nkaongeza, nkatukana kidogo. Mara natazama dirishani, ukuta wa jirani umeshakuwa mwekundu. Na saa ile jua linapozama ndipo mawimbi yanapokwenda mbali kuliko saa zote, hilo kila mpiga redio analijua. Nkasema, ah, mara moja tu. Umebaki kidogo.

Nkabonyeza, nkapiga mbinja. Mshale ukapanda kwa utulivu, ukafika pale pale baba alipotia alama kwa kalamu nyekundu, kwa hesabu zake. Nlifurahi mpaka machozi yalinilenga. Nkaachia kitufe nimsikie Seif.

Kwenye spika kukawa na ule mvumo wa hewa tu. Halafu nkaisikia mbinja. Inapanda, inapanda tena, halafu inashuka taratibu.

Nkadhani ni Seif ananicheza shere. Nkachukua simu, "We Seif, acha mchezo wako!" Akasema, "Mchezo gani? Mie nakusikia wewe tu unapiga mbinja, na magharibi hii, hata haya huna." Hakuwa akicheka. Na yeye akiwa bado anasema kwenye simu, sauti ya mwanamume ikatoka kwenye spika ikaita, "Zuhura." Ikanyamaza kidogo. "Zuhura."

Nlipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi, mchuzi unamdondokea miguuni na wala hahisi. Mdomo kaufungua. Halafu akauziba mwenyewe kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyekumbuka jambo. Na kweli alikumbuka, kwa sababu yeye ndiye aliyenifunza mie tangu nna meno ya utoto: ukiitwa magharibi na humwoni anayekuita, usiitike. Ngoja. Binadamu mwenye haja na wewe ataita mpaka mara ya tatu. Wao hawafiki tatu.

Tukangoja. Haikuita tena. Msikitini wakaanza kuadhini, na spika ikarudi kwenye mvumo wake.

"Huyo baba yako," mama akasema. Hakuuliza.

Nlitaka kumwambia kitu cha kitaalamu. Kwamba sauti inaweza kugonga huko juu ikarudi, kwamba labda kuna mtu mahali anatucheza. Lakini na mie nlikuwa nimeitambua sauti ile, nlikuwa nimeitambua kabla yake.

Utaniuliza, kwa nini hukuzima siku hiyo hiyo? Niulize. Lakini kabla hujanihukumu, jiulize wewe una nani kaburini, na ungefanya nini ungemsikia anaita mezani kwako. Nlimkosa baba yangu, ndiyo jibu. Kesho yake magharibi tulikuwa mezani sote wawili kabla jua halijafika ukutani.

Ikapiga mbinja. Ikaita mara mbili. Ikanyamaza. Ikawa ndiyo ada yake kila siku.

Na mama akaanza kubadilika, ndilo lililonitia hofu. Kwanza alivaa kanga mpya. Siku ya pili yake akapaka wanja. Halafu nkarudi kutoka sokoni nyumba nzima inanuka udi, na mama yangu, mjane mwenye mvi, ameketi mbele ya mtambo na kikuba cha asumini kifuani, anang'aa uso kama bi harusi anayengoja. Nlimtazama nkataka kucheka na kulia pamoja. "Akiita ya tatu," akanambia, "ntaitika. Nnamngoja tu afike ya tatu." Nkamwambia, mama, wewe ndiye uliyenifunza kwamba hawafiki. Akanambia, "Nlikufunza habari za mashetani. Sikukufunza habari za mume wangu."

Nkaamua kuijaribu sauti ile. Jioni moja, ilipomaliza kuita mara mbili, nkabonyeza kitufe nkasema kwa sauti ya juu, "Asalaam aleikum, baba." Nkaachia. Mvumo tu. Nkarudia. Ikanijibu kwa mbinja. Nkarudia mara ya mwisho. Mbinja.

"Redio inakata," mama akasema.

"Inakata kwenye salamu tu?" nkamwuliza.

Akanikata jicho ambalo sijawahi kukatwa tangu nlipokuwa mwari. Lakini mie moyo wangu ulikuwa umeshapoa. Baba yangu hata kwa mtu aliyemdhulumu alijibu salamu. Yule hakuwa baba yangu. Alikuwa kitu kilichomsikia baba yangu, miaka yote ile ya mbinja na kuita, kikahifadhi, na mie nkaenda kukifungulia mlango.

Nkanyoosha mkono nizime. Mama akanishika mkono. Hana nguvu mama, lakini siku ile alikuwa nazo. "Usiniulie mume wangu mara ya pili," akasema. Nkakaa chini. Ungeweza wewe? Mie sikuweza.

Siku moja ikazidi. Mbinja ilipotoka kwenye spika, mama alisimama kwa mazoea, miguu ikamchukua mpaka dirishani, akakishusha kijikapu. Ufunguo umo ndani. Alifanya kama mtu aliye usingizini. Nlipofika kamba ilikuwa imeshafika chini na imekaza. Imekaza hasa, ndugu yangu, kama kuna mtu ameshika kapu na anakuangalia. Nkachungulia. Kichochoro kilikuwa kitupu, paka tu kwenye kizingiti cha jirani, naye kajikunja mgongo. Nkaivuta kamba kwa nguvu zangu zote, nkisoma Ayatul Kursiy kwa kukosea kosea, ikaachia ghafla nkaanguka chali. Ufunguo ulikuwamo bado. Nkautia kifuani, na tangu siku hiyo nikalala nao.

Nkamwambia mama basi, kesho asubuhi naichomoa ile valvu, na ukinilaani unilaani. Alilia sana. Mwisho akakubali, kwa sharti moja: amsikie jioni ya leo, mara ya mwisho, amuage. Kuaga kwa moyo tu, haitiki. Nkakubali. Lakini mie fundi, sikuacha mambo yaende hivi hivi. Kabla ya jua kutua nliichomoa maiki kabisa, waya wake nkautia mfukoni. Kitufe nlikifunga kwa utepe kisibonyezeke. Hata mama angepiga kelele, sauti yake isingetoka nje ya chumba kile. Nlijiona mjanja.

Tukaketi. Mama kavaa vizuri kuliko siku zote. Nkamshika mkono, una hina mpya, nkausikia unavyopiga mshipa. Ikaja mbinja. Ikaja sauti, tamu siku ile, ya baba wa ujana wake ambaye hata mie simkumbuki sawasawa. "Zuhura."

Mama akafumba macho.

"Zuhura."

Nkahesabu pumzi zangu. Yamekwisha, nkajisemea. Haifiki tatu. Kesho naichomoa, na maisha yataendelea.

Na hapo hapo, kutoka chini kichochoroni, Bi Mgeni, jirani yetu, shoga yake mama tangu chuo cha Kurani, aliyekuja na bakuli la boko boko lake anataka kapu literemshwe, akaita kwa sauti yake nzuri ya kila siku:

"Zuhura!"

Na mama yangu, aliyekuwa akiingoja ya tatu, akaitika kwa furaha ambayo sijaisikia kwake tangu msiba: "Labeka!"

Mshale wa mita ukapanda.

Nnataka unielewe hapa. Maiki ilikuwa haipo. Kitufe kimefungwa. Mshale ule haupandi ila sauti iwe inatoka kwenda hewani. Ukapanda mpaka kwenye alama nyekundu ya baba, ukaipita, ukagonga mwisho. Valvu kubwa ikageuka kutoka wekundu ikawa buluu. Na lile neno la mama halikukatika. "Labekaaa" likaendelea, mdomo wake wazi, pumzi hana, na sauti inakwenda mbali, kama mtu anayeshuka ngazi huku anasema. Mwisho ikawa haitoki mdomoni mwake tena. Inatoka kwenye spika tu. Halafu na huko ikanyamaza, mshale ukaanguka, na valvu ikarudi rangi yake.

Mama akanitazama. Akatikisa midomo. Hakukutoka kitu.

Chini Bi Mgeni akasema, "Shoga, teremsha kapu basi, chakula kinapoa!"

Mtume wangu! Nlitamani nimwage hasira zangu kwa mtu, na pale palikuwa hapana mtu wa kumwagia. Bi Mgeni mpaka leo hajui. Anakuja kila siku kumsomea mwenzake Yasini, analia, anauliza maradhi gani haya yaliyomwingia mtu ghafla. Sitamwambia. Usije na wewe ukamwambia.

Hospitali tulikwenda. Wakamchungulia koo, wakampiga picha, wakasema koo zima, halina kasoro. Labda mshtuko, wakasema. Lakini mshtuko gani unamfanya mtu akikohoa kikohozi kisitoe sauti? Anapolia hasikiki hata kule kuvuta kamasi. Anadondosha kijiko kinalia, yeye akisema "aa!" hasikiki. Shehe mmoja alimwandikia kombe, akalinywa, akalala vizuri, akaamka vile vile. Shehe akaninong'oneza ngazini, "Kilichochukuliwa hakimo ndani yake nikakitibu. Kipo mahali."

Nlijua kipo wapi. Asubuhi ya pili ya jioni ile nlikuwa nimeshauzima mtambo na kuichomoa ile valvu, kama nlivyosema. Nkaifunga kwenye kitambaa, nkaitia kabatini. Basi mama akaanza kunywea. Hali, hanywi, mikono ya baridi, pumzi fupi. Alikuwa anazimika mbele yangu, sina neno jingine la kusema. Nkangoja, nkakaza moyo, nkasema ni huzuni tu itapita. Alipofika pahala pa kunyooshewa kitanda kwenye kibla, nkakimbilia kabati, nkairudisha valvu mahali pake, nkawasha. Ilipopata wekundu, mama akavuta pumzi ndefu. Kabla ya isha alikuwa ameketi ananionyesha kwa mkono kwamba anataka uji.

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Nimevunja, amekufa mama yangu. Siwezi kuvunja. Kwa hiyo mtambo unawaka nyumbani kwetu mchana na usiku, umeme ukikatika nna betri, na spika nkaikata waya, kwa sababu kuwasha ni lazima lakini kusikiliza si lazima. Nkaona nimepata mahali pa kupumulia.

Mpaka Seif aliponipigia simu kutoka Pemba. Mcheshi siku hiyo, hana habari ya lolote, maana nlimwambia nimepumzika kidogo na redio. "Hongera bwana," akasema, "kumbe umemfunza na mama yako! Nnamsikia kila magharibi. Ana sauti nzuri, imetulia. Lakini mbona haongei na mtu mwengine? Anaita jina moja tu la kitoto, nadhani ndiyo wewe."

Nkamkatia simu.

Magharibi ya siku ile nkaiunga spika. Mama alijaribu kunizuia, ananivuta nguo, nkaiunga. Ikapita ile mbinja, inapanda, inapanda tena, inashuka. Kisha nkaitwa. Hakuniita kwa sauti ya baba, ile haijasikika tena, imebadili nguo. Nliitwa kwa sauti ya mama yangu. Tena kwa lile jina langu la kudekezwa, la utotoni, ambalo hakuna aliyebaki hai wa kuniita nalo ila yeye. Akaniita kama alivyokuwa akiniita nikicheza barazani, chakula kiko tayari. Mdomo wangu ulijifungua wenyewe, wallahi. Ukiitwa na mamako unaitika, hufikiri. Sauti ilikuwa imeshafika kwenye meno.

Mkono wa mama ukaniziba mdomo. Alikuwa nyuma yangu. Ukaniziba kwa nguvu mpaka nkasikia ladha ya hina, na kwenye spika sauti yake mwenyewe inaniita mara ya pili, tamu, haina haraka. Kisha kimya.

Tangu hapo ndivyo tunavyoishi. Nimeikata tena spika, lakini sasa haisaidii, nnaisikia bila ya spika, kwenye bati, kwenye waya, wakati mwengine kwenye kijiko ndani ya kikombe. Kila magharibi mama anakuja nyuma yangu, ananiziba mdomo kwa kiganja, tunangoja mbili zipite, kisha tunaswali. Hatulali nje, hatuendi harusini. Mama anazeeka. Mkono wake umekuwa mwepesi, siku nyengine unachelewa. Nnaogopa, sikufichi. Nnaogopa siku atakayokwenda nitabaki na sauti yake na sina mkono wake.

Basi ombi langu ndilo hili. Kwanza, usipige mbinja magharibi, iwe ya kazi iwe ya mchezo, na usijione msomi. Pili, kama umegundua, tangu nianze sikukutajia jina langu. Si kiburi. Huenda unanijua, huenda uliwahi kuniletea redio yako, huenda siku moja utapita kichochoroni kwetu jua linazama, utatazama juu uone dirisha lina mwanga mwekundu, ukakumbuka una salamu zangu. Bisha hodi. Gonga mlango. Rusha kijiwe dirishani, nkivunjiwa kioo sitasema kitu. Ila usiniite. Saa hiyo nshaitwa mara mbili, nami nimekaa nimeuma meno. Nakuomba ya tatu isiwe yako.